Kuchemsha maji hakuondoi aseniki

Dada uliyeuliza kama kuchemsha maji ya kisima kirefu huondoa aseniki (kemikali yenye sumu), jibu ni hapana: kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Haionekani wala hainuki, hivyo ni maabara tu itakayoonyesha kama imevuka mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa kuwa umesema mumeo husaga mawe ya dhahabu huko Chamwino, vumbi hilo linanitia wasiwasi zaidi, maana miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba aseniki. Tafadhali ayasage yakiwa yamelowa, na nguo zake za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Madhara ya aseniki, kama madoa ya ngozi, viganja vigumu na saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka mingi.