Herufi a inayokanusha katika Kisanskriti na Kipali

Swali la wiki lilikuwa: ile a inayotangulia maneno kama ahiṃsā na avidyā, katika Kisanskriti (lugha ya kale ya India) na Kipali (lugha ya maandiko ya Kibuddha), ina maana gani, na ilitoka wapi?

Inakanusha. Hiṃsā ni kudhuru, ahiṃsā ni kutodhuru. Vidyā ni elimu, avidyā ni ujinga. Mbele ya konsonanti huwa a-, mbele ya irabu huwa an-: a-mṛta, kisichokufa, lakini an-anta, kisicho na mwisho.

Kuhusu asili yake, mwanasarufi Pāṇini ana maelezo mazuri katika kanuni zake za 6.3.73 na 6.3.74: kikanushi "na" (yaani "si") hudondosha n yake, kisha neno linaloanza kwa irabu hurudishiwa n. Kama kanuni ya kuundia maneno, haina kasoro. Historia lakini ilikwenda njia nyingine. Katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa Kisanskriti na lugha nyingi za Ulaya, kiambishi hiki kilikuwa n peke yake, ikisimama kama silabi kamili, kama n ya "nchi" kwetu. Mbele ya konsonanti, Kisanskriti kiliigeuza n hiyo kuwa a. Mbele ya irabu n iliendelea kusikika, ikawa an-. Kigiriki kilifanya vivyo hivyo, Kilatini kikatoa in-, Kiingereza un-. Amṛta na neno la Kigiriki ambrotos (asiyekufa) ni ndugu wa damu, kiambishi na mzizi.

Kipali kina jambo lake. Pamāda ni uzembe, lakini kinyume chake ni appamāda, kwa p mbili. P ya pili imetoka wapi? Kwa Kisanskriti neno ni pramāda. Mwanzoni mwa neno Kipali hupunguza pr ikabaki p. Katikati, baada ya irabu, pr huwa pp. Ndivyo ilivyo pia kwa śr na jñ za Kisanskriti: saddha (mwenye imani) huzaa assaddha, na ñāṇa (ujuzi) huzaa aññāṇa. Ukitafuta shina la maneno ya namna hii kwenye kamusi, ondoa a pamoja na konsonanti moja.

Makosa mengi hutokea mahali pa kukata. Anicca, kisichodumu, ni a-nicca (Kisanskriti a-nitya), si an-icca. Lakini aniccha, asiye na tamaa, ni an-iccha kweli. Anuttara, kisichopitwa, ni an-uttara, ilhali anukampā, huruma, ni anu-kampā na hakuna kikanushi humo. Tena kuna a ya wakati uliopita: agacchat ni "alikwenda", wala si "hakwenda". Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea a ya nafsi ya tatu (yeye), awe macho zaidi hapo.

Wakati mwingine hata wenye lugha walikata vibaya. Asura lilikuwa neno zima, ndugu wa ahura ya Kiavesta, lugha ya kale ya Irani. Baadaye likasikika kama a-sura, "asiye mungu", na kutokana na kosa hilo likazaliwa sura, "mungu".

Kukanusha kwenyewe si kwa namna moja. Wanasarufi wa Kihindi huhesabu maana sita: kufanana, kutokuwapo, kuwa kingine, uchache, ubaya na upinzani. Adharma si kukosekana kwa dharma (haki, njia njema) tu, ni kitu kinachopigana nayo. Anudarā, neno kwa neno "asiye na tumbo", husemwa juu ya msichana mwenye kiuno chembamba. Hiyo ndiyo a ya uchache, na naipenda kuliko zote.

Linalobaki ni lile linalowagawa wafasiri: anattā ni "si nafsi" au "haina nafsi"? Kiambishi huruhusu yote mawili. Aputra, kwa mfano, kwa kawaida ni mtu asiye na mwana. Tazameni sarufi ya sentensi. Katika hotuba ya Buddha juu ya mafungu matano yanayomuunda mtu (katika mkusanyo wa Saṃyutta Nikāya, 22.59) tunasoma rūpaṃ anattā. Rūpaṃ, umbo, ni jinsi katikati, si ya kiume wala ya kike. Anattā ingekuwa kivumishi ingefuata jinsi hiyo na kuwa anattaṃ, kama inavyosemwa rūpaṃ aniccaṃ. Haikufuata, imebaki nomino ya jinsi ya kiume. Kwa hiyo mahali hapo ningefasiri "umbo si nafsi", nikiacha "halina nafsi" kwa sentensi ambazo sarufi yake inairuhusu.