Nimemwambia wifi kabandika mwezi, sasa nyumba haikaliki

Shangazi, shikamoo. Ni mke wa mtu hapa Bagamoyo, napenda kupiga picha kwa simu. Kundi letu la wapiga picha wa ridhaa lilifanya mashindano mtandaoni, mada "Bahari Yetu". Majaji watatu, kila mmoja anatoa alama 1 hadi 10, zinajumlishwa. Picha yangu niliyoiita "Machweo ya Bagamoyo", jua jekundu juu ya bahari na wavuvi wanashusha samaki, ilipata 8, 8 na 4. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipata 7, 7 na 9 kwa picha ya mashua mbele ya mwezi mkubwa. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Jaji aliyenipa 4 ni jirani yake, na sababu aliyoandika ni maneno manne tu: "Kichwa hakiendani na mahali."

Jioni ileile mwezi niliupiga na mimi, ukatoka kidoa. Wake ni mkubwa ajabu, una mstari pembeni kama umekatwa kwa mkasi, na nilipofungua taarifa za picha sikukuta jina la kamera wala tarehe. Anadai aliazima Canon yenye lenzi iliyoandikwa 55-250. Saa tano usiku nikaandika kundini: "Hongera kwa kubandika mwezi." Wifi katoka kundini, mama mkwe kasikia, mume wangu ananijibu kwa mkato. Kundi limegawanyika, wengine wananiambia nisirudi nyuma. Picha zetu mbili za mashindano nimekutumia, pamoja na ile ya mwezi wangu. Nifanyeje?

Wa Pili, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mwezi, maana ndio uliokutia matatani. Kwa kadiri nakala uliyonitumia inavyoonyesha, wifi yako hakubandika kitu. Hayo matatu uliyoyashika kama ushahidi, kila moja lina maelezo yake.

Ukubwa kwanza. Mwezi angani una upana wa nusu digrii, uwe ndio unachomoza au uko utosini. Lenzi kuu ya simu nyingi inaona upana wa digrii 70 hivi, kwa hiyo mwezi unapata sehemu moja kati ya 140 ya picha. Nakala zote mbili za mwezi, yako na ya wifi, zina upana wa pikseli 1,600, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Gawa kwa 140: mwezi wako una pikseli 11 au 12, ndiyo maana ukatoka kidoa. Simu yako haina kosa.

Sasa chukua lenzi ya wifi. Urefu wa fokasi wa lenzi, ndiyo ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, ukiugawa kwa 110, unapata takriban upana wa mwezi juu ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Milimita 250 kwa 110 ni 2.3 hivi. Canon zinazotumia lenzi hiyo ya 55-250 zina sensa ya upana wa milimita 22 na kidogo, kwa hiyo mwezi unajaza karibu sehemu moja ya kumi ya picha. Nimeupima kwenye nakala yake: pikseli 160 katika 1,600. Umekaa palepale ambapo lenzi hiyo ikivutwa mpaka mwisho ingeuweka, bila hata kukata kingo. Wabandikaji wa mwezi huwa hawana kiasi namna hiyo. Wao huuvimbisha mpaka unafunika nusu ya mbingu.

Mashua nayo inakubaliana na hesabu. Imechukua upana wa miezi miwili, yaani digrii moja. Kama ni chombo cha mita 8, basi kilikuwa mita 450 na ushei kutoka alipokuwa amesimama, jambo ambalo jioni pale pwani ya soko la samaki si la ajabu. Wengi hawalijui hili: ukisogea karibu na chombo, chombo kinakua lakini mwezi unabaki vilevile. Ukitaka mwezi uonekane mkubwa nyuma ya kitu, lazima urudi nyuma sana, kisha uvute kwa lenzi ndefu. Kwa simu ya kawaida hupati, hata usimame hapo mpaka alfajiri. (Zipo simu zinazoutambua mwezi na kuunoa zenyewe kwa akili mnemba. Samsung ilieleza wazi Machi 2023 kwamba baadhi ya simu zake hufanya hivyo. Kundi lenu liamue mapema kama hiyo ni picha au ni mchoro.)

Mstari wa pembeni unatokana na kubanwa kwa faili. Picha ya JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, hubanwa kwa vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8. Mahali ambapo kitu cheupe sana kinakutana na mbingu yenye giza, vijiboksi hivyo huacha ukungu na vijistari kando ya ukingo. Picha ikipita WhatsApp mara mbili tatu, hali inazidi. Ongeza unoaji ambao programu nyingi za kuediti hufanya bila kuulizwa, hapo unapata duara lililokuhadaa. Chungulia mlingoti wa mashua kwenye nakala hiyohiyo: una mstari uleule. Utasema mlingoti nao kaubandika?

Na taarifa za kamera kutoonekana hakuna maana yoyote. WhatsApp na Facebook huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Fungua picha yako mwenyewe iliyopita kundini uone kama simu yako imeandikwa. Ili zibaki, picha inatumwa kama hati, au kwa barua pepe. Hata zikiwepo, ni maandishi tu, mtu anaweza kuyabadilisha.

Ungeniuliza kabla ya saa tano ile usiku, ningekwambia utazame mwanga. Kwenye picha yake viraka vya tanga vinahesabika, na madoa ya mwezi yanaonekana pia. Usiku wa giza hilo haliwezekani kwa pigo moja la kamera. Mwezi mpevu ulio juu unataka kamera ifunguke kwa karibu 1/125 ya sekunde tu, tundu la lenzi likiwa f/11 na usikivu wa mwanga (ISO) 100, wakati tanga gizani linahitaji sekunde kadhaa. Ukilipata tanga, mwezi unageuka duara jeupe tupu. Vyote viwili vinapatikana katika dirisha dogo: jua limetoka kuzama, mwezi ndio umechomoza, na bado kuna mwanga wa mbingu. Kwetu dirisha hilo ni kama dakika 20 tu, na linaangukia mwezi 13 au 14 kwa hesabu ya Kiislamu. Ukingoja hadi 16, mwezi unatoka giza limeshaingia. Mbingu ya wifi ni zambarau, haijawa nyeusi. Tanga limeangazwa upande unaotutazama, yaani mwanga ulitoka magharibi, nyuma ya mpigaji. Vyote vinakaa sawa.

Kuna alama nyingine ninayoiamini zaidi. Picha nyingi za mwezi zinazopakuliwa mtandaoni zimepigwa Ulaya au Marekani mwezi ukiwa juu, na lile doa jeupe lenye miale liitwalo Tycho linakaa chini. Hapa karibu na ikweta mwezi mpevu unachomoza umelala ubavu, na Tycho inaangukia kulia. Kwenye nakala ya picha ya wifi miale imefutika, lakini upande mweupe usio na madoa makubwa uko kulia. Mwezi wa kupakuliwa, asipojua kuuzungusha, ungemuumbua.

Nakala haifungi kesi, faili halisi ndilo linalofunga. Na kuliko faili moja, picha za kabla na za baada yake, kwa mfuatano wa namba. Ndivyo wanavyofanya wakubwa. Mwaka 2018 waandaaji wa Wildlife Photographer of the Year, mashindano ya picha za wanyamapori ya London, walimwondoa Marcio Cabral aliyekuwa ameshinda kipengele kimoja mwaka 2017 kwa picha ya mnyama mla mchwa. Wataalamu waliona mnyama yule anafanana na aliyekaushwa na kuwekwa kwenye maonyesho. Cabral alitoa faili za kabla na za baada, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na mnyama huyo. Yeye alikana, na waandaaji wakashika uamuzi wao. Angalia nani aliyeuliza: waandaaji, kwa utaratibu. Mshindani aliyeshindwa hakumvamia mwenzake kadamnasi.

Sasa alama. Hapa una hoja, ila si ile unayoipigania. Wewe 8, 8, 4, jumla 20. Wifi 7, 7, 9, jumla 23. Majaji wawili kati ya watatu walikuweka mbele yake, na bado umeshindwa. Hakuna wizi, ni hesabu ya jumla ilivyo. Jaji anayetumia alama zote, toka 4 hadi 9, ana nguvu kuliko wawili wanaozunguka kwenye 7 na 8. Hao wawili wametofautisha picha zenu kwa alama moja moja. Yeye kwa alama tano. Kama majaji wangepanga nafasi badala ya kutoa alama, tukiwahesabu ninyi wawili tu, wewe ungekuwa na nafasi za 1, 1 na 2, yeye 2, 2 na 1, nawe ungeshinda.

Lakini kanuni ya kujumlisha ilitangazwa kabla, mkaikubali. Matokeo yabaki. Unachoweza kuomba ni mashindano yajayo yaendeshwe vingine: majaji watano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zitupwe, tatu zilizobaki zijumlishwe. Au wapange nafasi. Picha zifike kwa majaji zikiwa na namba tu bila majina, na jaji mwenye ndugu au jirani kwenye mashindano aseme mapema. Huyo jirani alipaswa kusema, hilo nakubaliana nawe. Na yaandikwe yanayoruhusiwa: kukata kingo, kunyoosha upeo, kurekebisha mwanga na rangi. Yasiyoruhusiwa: kuongeza kitu, kuondoa kitu, kuunganisha picha mbili. Watatu wa juu watoe faili halisi ndani ya saa 48 kabla ya mshindi kutangazwa, wote watatu, bila kusubiri mtu alalamike.

Tuje kwenye ile 4 yako. Umesoma "kichwa hakiendani na mahali" ukaona chuki. Mimi nimetazama picha yako, nikaona jua liko juu ya bahari. Mwanangu, Bagamoyo bahari iko mashariki. Jua linachomoza upande wa Unguja, na jioni linazama nchi kavu, huko kwenye barabara ya Msata, mwaka mzima. Ulichopiga ni mapambazuko, na hao wavuvi wametoka kuvua usiku. Nadhani uliita "Machweo" kwa sababu neno linapendeza, na majaji wawili hawakujali. Wa tatu alijali. Nne ni ukali. Kwa picha nzuri namna ile kupunguza alama moja au mbili kungetosha. Lakini hakukuonea kwa ujirani, na ukimshtaki kwa hilo, hoja ya kwanza atakayoitoa ni kwamba aliyemwita wifi yake mwongo ndiye aliyedanganya kwenye kichwa cha picha. Hutakuwa na la kujibu.

Kwa hiyo hao wanaokuambia usirudi nyuma, waache. Wao hawalali nyumba moja na mume wako.

Kwa wifi nenda mwenyewe, kwa miguu yako, saa za alasiri kazi zikiwa zimepungua. Usiende na mume wako, ataonekana hakimu. Simu iache mkobani. Hesabu hizi zote za pikseli si za siku hiyo. Ukianza kumweleza jinsi ulivyothibitisha kuwa hakudanganya, atasikia kwamba ulikuwa unamchunguza. Sema: "Wifi, nilikuita mwongo mbele za watu bila kukuuliza. Nimekosa. Naomba radhi." Kisha nyamaza, umwache aseme yake, hata kama ni makali. Ile sentensi ya "kama nimekukwaza" usiiguse. Hakuna kama hapo, umemkwaza.

Ukishatoka kwake, siku hiyohiyo andika kundini, maana kundini ndiko ulikomvunjia heshima, na radhi ya sebuleni haiwafikii walioona. Iwe fupi: "Niliandika kwamba picha iliyoshinda imebandikwa mwezi. Sikuwa na ushahidi, nilikosea. Nimeshamwomba radhi mwenyewe. Pia picha yangu ni ya mapambazuko, kichwa nilikiandika vibaya." Ule ujumbe wa zamani usiufute kabla ya kuandika huu, watasema unaficha. Mapendekezo ya kanuni mpya yapeleke kwa waandaaji faraghani, na wiki moja ipite kwanza. Ukiyachanganya na radhi, yataonekana ni kisasi kilichovaa kanzu.

Mama mkwe anahitaji salamu ya kawaida tu, na sentensi moja kwamba mmeshaongea. Usimpe mkasa upya. Mume wako mwambie kabla hujaondoka nyumbani, asije kupata habari kwa dada yake.

Wifi akikataa kukupokea, usimtume mtu. Rudi baada ya siku chache. Akikupokea, na mkafika mahali pa kucheka, muulize hiyo Canon aliiazima kwa nani.