Jibu: Polisi walimpeleka hospitali, karuhusiwa, sasa nani anamfuatilia?

Pole sana dada. Umeuliza nani atamfuatilia kaka yako sasa kwa kuwa ametoka hospitali alikopelekwa na polisi usiku ule akili ilipomruka.

Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya Akili inampa polisi uwezo wa kumchukua mtu anayehatarisha maisha yake au ya wengine na kumfikisha hospitalini. Akishamkabidhi, usitegemee arudi kubisha hodi. Mtu wako ni mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumbani na begi na simu ya serikali. Humjui wa kwenu? Uliza zahanati au kwa chifu.

Mwonyeshe mhudumu huyo karatasi ya kuruhusiwa: jina la dawa, dozi, tarehe ya kliniki. Hapo ndipo wengi huteleza; dawa zikiisha kwenye bahasha ya kaki na mgonjwa anaonekana mzima, familia inanyamaza. Ulizia mapema kama hospitali ya kaunti ndogo inazo, nauli ya Nairobi kila mwezi si mchezo.

Na majirani waambieni kidogo tu, wasimwite "kichaa" getini. Mkizidiwa usiku, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.