Maswali Yenu: Chupa ya Kwako, Meza ya Wenyewe

Shikamooni wahariri. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tuna chupa ya mvinyo mwekundu tuliyozawadiwa siku ya harusi, haijafunguliwa, na tunataka kuinywa kwenye hoteli moja ya ufukweni Raskazone. Niingie nayo tu, au kuna utaratibu? Nasikia wanatoza hata kama kinywaji ni chako.
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, na hongereni. Usiingie nayo tu. Piga simu siku moja au mbili kabla, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, jikoni kukiwa kumetulia. Ukipiga saa mbili usiku, atakayepokea atakujibu lolote ili akate simu. Omba msimamizi, umuulize kama wanaruhusu, ada ni kiasi gani kwa chupa, mwisho chupa ngapi, na kama glasi na barafu vimo humo humo. Mwombe athibitishe kwa ujumbe, maana siku ya siku zamu yake huenda imekwisha na mhudumu wa mlangoni hana habari ya makubaliano yenu.

Ada hiyo ndiyo kokeji mnayoisikia kwenye kumbi za harusi. Huhesabiwa kwa chupa ya mililita 750, kwa hiyo ile kubwa ya lita 1.5 kwa kawaida ni mbili. Si faini. Hoteli imelipia leseni ya vileo, inatoa glasi, barafu na mtu wa kufungua na kumimina, na glasi ikivunjika hasara ni yake. Kabla hujakubali, chukua bei ya chupa yako uongeze ada. Jumla ikifika bei ya chupa kama hiyo kwenye menyu yao, huna sababu ya kuibeba. Desturi hii ni ya chupa yenye maana kwako, kama hiyo yenu, au ya mvinyo ambao wao hawana. Kupeleka kilekile wanachouza ni utovu wa adabu, na bia, soda na pombe kali havimo kabisa.

Sasa la kuwaambia mapema msije mkavunjika moyo mezani. Mvinyo wa kutunzwa miaka huhitaji nyuzi 12 hadi 15 hivi, giza, na chupa iliyolazwa. Kabati la nyumba ya Tanga halifanani na hayo. Joto hutanua mvinyo ukasukuma kizibo, usiku ukipoa hunyonya hewa, na mchezo huo umerudiwa miaka kumi. Tena mvinyo mwingi wa dukani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ichunguze chupa leo. Je, mvinyo umeshuka kutoka shingoni hadi begani? Kizibo kimejitokeza? Kuna unato chini ya karatasi ya mdomoni? Dalili hizo zikiwapo, tegemeeni harufu ya siki au ya tende zilizopikwa. Hautawadhuru, ladha tu ndiyo imekwenda. Mimineni kidogo kwa ajili ya picha, kisha agizeni chupa ya hoteli. Hata yenu ikiwa nzima, kununua yao moja ni uungwana, na wapo wasimamizi ambao wakiona hivyo husamehe ada.

Isimamisheni wima siku mbili kabla ili mashapo yatulie chini. Msiiache kwenye buti la gari juani, wala msiipakize bodaboda ikatikisika. Itieni kwenye kikapu, mkiizungushia kitambaa kibichi. Mfuko wa plastiki msiufikirie, umepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mume wangu akibeba mvinyo hubeba na kizibuo chake, glasi zake, jagi la kioo la kuupumzishia, hata ndoo ya barafu. Wahudumu hutukodolea macho. Je, anavuka mpaka?
*Mama wa watoto wawili, Bombo, Tanga*

Nusu nusu, dada.

Kwa kizibuo hana kosa, ila kikae mfukoni mpaka mhudumu aonyeshe cha kwao. Sehemu nyingi wana kile cha mikono miwili chenye skrubu nene, ambacho husaga kizibo kikuukuu. Kinachofaa ni cha kukunja, chenye skrubu nyembamba na ngazi mbili za kuegemea mdomo wa chupa. Kata karatasi chini ya pete ya mdomo, chomeka ncha katikati kabisa, zungusha ubakize pingili moja nje ili isitoboe upande wa pili na kudondosha vipande, kisha inua kwa ngazi ya kwanza, halafu ya pili. Kizibo kikikatika, ingiza skrubu upya kwa mshazari. Ikishindikana kisukume ndani na mmimine kupitia chujio safi la chai, ambalo halikosekani jikoni. Mvinyo wa povu hauguswi na kizibuo. Ndani yake mna mgandamizo wa zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Ipozeni kwanza, mshike kizibo kwa kiganja, muinamishe chupa, na mzungushe chupa, si kizibo.

Glasi ni za kuuliza. Kama zao ni zile nene za maji, anaweza kubeba zake kwa idadi yenu tu, azirudishe nyumbani zikiwa chafu. Akiwapa waoshe na moja ikapasuka, mmewatia watu kwenye kesi isiyo yao. Na asidhani kubeba glasi kunapunguza ada.

Jagi lina maana kwa mvinyo mwekundu mchanga na mkali. Kwa chupa ya zamani ni kuiharibu, hewa itaumaliza kabla ya samaki kufika.

Ndoo abaki nayo nyumbani. Aombe yao, ijazwe nusu barafu nusu maji. Maji ndiyo yanayoigusa chupa pande zote, barafu tupu huacha mianya. Chumvi konzi moja ikiongezwa, mvinyo mweupe huwa tayari kwa dakika 20 hivi. Na mwekundu pia utumbukizwe dakika 10, kwani unatakiwa nyuzi 16 hadi 18, na upenu wa baharini mwezi wa Februari uko mbali mno na hapo.

Bagamoyo tuna mgahawa wetu wa pweza na wali wa nazi, lakini hawauzi pombe. Wageni wanakuja na mvinyo wa Dodoma. Tukiumimina kwenye chupa ya juisi kabla ya kwenda?
*Msomaji, Bagamoyo*

Hapana, na wala msiombe. Ama mwenyewe dini yake haimruhusu, ama hana leseni ya vileo, na polisi wakiingia mwenye msala ni yeye, ninyi mtakuwa mmeshaondoka. Kuleni kwake mchana, mvinyo mkaunywe jioni kwenye hoteli yenye baa iliyowakubalia. Au agizeni chakula cha kubeba, kama mlikofikia wanaruhusu. Mvinyo ukiwa mweupe mkavu, yaani usio mtamu, na umepoa, unakwenda vizuri na pweza wa nazi. Mwekundu wa asilimia 14 juu ya pilipili ya huko utawachoma ulimi maradufu, kwani pombe huchochea ule mwasho. Mwezi wa Ramadhani, popote mtakapokwenda, chupa ifike ndani ya kikapu kilichofunikwa.

Chupa isipoisha, ni aibu kuondoka nayo? Na bakshishi naihesabu vipi?
*Msomaji, Pongwe*

Si aibu, ni yako. Mwombe mhudumu airudishie kizibo, isafiri wima, iingie friji usiku huohuo. Ndani ya siku tatu bado inanyweka. Bakshishi si lazima, lakini ukitoa, ihesabu kana kwamba chupa hiyo uliinunua pale. Kazi ya kuihudumia haikupungua, na ada uliyolipa ni ya hoteli, si ya mhudumu. Kumkaribisha msimamizi aonje ni jambo zuri. Akikataa usirudie.