Mfumo mpya wa kompyuta na uchovu wa wauguzi

Swali: Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya wilayani. Tangu tuanze kutumia mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, wauguzi, hasa wa zamu ya usiku, wanalalamika kuchoka kupita kiasi, na wawili wameomba uhamisho. Nitajuaje kama tatizo ni mfumo wenyewe au ni ugeni tu?

Jibu: Daktari, njia rahisi ya kutenganisha hayo mawili ni kumsikiliza mtumishi aliyeizoea kompyuta kuliko wenzake. Matatizo ya ugeni hupungua kadiri wiki zinavyopita; ikiwa hata yeye bado analalamika, basi chanzo kimo katika namna kazi ilivyopangwa.

Mfuatilie mama mjamzito mmoja tangu anapoingia kliniki. Pale ambapo vitabu vya MTUHA, yaani rejista za karatasi za taarifa za huduma za afya, vinaendelea kujazwa sambamba na mfumo, uzito wake na shinikizo lake la damu huandikwa kwenye kadi, kisha kwenye rejista, kisha kwenye kompyuta, huku foleni ikirefuka. Muuguzi hajapunguziwa chochote, ameongezewa.

Usiku hali huwa nzito zaidi. Mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, alieleza kwamba msongo hukua pale kazi inapomdai mtu mengi ilhali uwezo wake wa kuamua ni mdogo. Mtandao ukikatika saa nane za usiku, mtu wa TEHAMA hayupo na hakuna maelekezo ya kurudi kwenye karatasi, muuguzi hubaki akilaumiwa na ndugu wa mgonjwa kwa jambo asiloliweza. Maelekezo ya ukurasa mmoja, yanayompa ruhusa ya kuendelea na huduma na kuingiza taarifa baadaye, humrudishia sehemu ya uamuzi huo.

Katika kupima, usichanganye msongo na kuridhika na kazi, kwa kuwa mtu anaweza kuchoka sana na bado akaipenda kazi yake. Usitumie pia wastani wa kituo kizima: mfamasia aliyeondokana na kuhesabu akiba ya dawa kwa mkono huenda ameufurahia mfumo uleule unaomwelemea muuguzi. Dodoso fupi lisilo na jina linatosha, ingawa kama maabara ina mtumishi mmoja tu, kutaja idara ni sawa na kutaja jina, hivyo huyo zungumza naye ana kwa ana. Kwa kuwa hukupima kabla ya mfumo kuanza, linganisha ratiba za zamu na ruhusa za ugonjwa za sasa na zile za miezi ya kabla yake.

Wakati huohuo, mwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya uulize ni rejista zipi zinaweza kusitishwa na lini. Kabla ya kupata jibu, usitumie takwimu za mfumo kumpima mtumishi mmoja mmoja, maana anayeonekana mzembe kwenye kioo huenda ndiye aliyekuwa akimhudumia mgonjwa.