Ukiingia kikundi cha protiomiki, ifuate sampuli kwanza

Wanafunzi wanaoniomba ushauri wanapoingia kikundi cha protiomiki, yaani uchunguzi wa protini nyingi kwa pamoja, karibu wote huja na swali moja: nichukue mradi gani? Wamepewa orodha ya wanakikundi na kazi zao. Huyu anatafuta viashiria vya saratani kwenye damu, yule anachunguza protini za vimelea, mwingine anaandika programu. Basi wanachagua kwa jinsi jina la mradi linavyovutia. Nimekaa kwenye maabara za namna hii nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, kisha mtafiti, na sasa nawasimamia wengine, na jibu langu huwa haliwafurahishi: usichague bado. Omba muda wa kuifuata sampuli ya mtu mwingine kuanzia kwenye friza hadi kwenye jedwali la matokeo, ukikaa na kila anayeigusa njiani.

Orodha ile inakuonyesha kila mtu na kazi yake, kana kwamba kila mmoja analima shamba lake. Lakini mtu wa saratani na mtu wa vimelea wanapanga foleni kwenye mashine moja, spektromita inayopima uzito wa molekuli, na kumtegemea fundi mmoja. Uchafu alioacha mmoja leo, mwenzake atauona kwenye data yake kesho.

Anza na wanaoandaa sampuli, na hapo usiwe na haraka. Ukisikia inavyoelezwa utadhani ni kazi nyepesi: protini zinatolewa kwenye seli, zinakunjuliwa, kisha kimeng'enya cha tripsini kinazikata baada ya asidi amino za lisini na arginini ili zibaki peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ambazo mashine inaziweza. Miradi mingi niliyoiona ikikwama ilikwamia hapa. SDS ni sabuni nzuri mno ya kuyeyusha utando wa seli, lakini ikibaki kwenye sampuli inafunika ishara za peptidi zote. Urea ikipashwa moto hujishikiza kwenye protini na kuiongezea uzito wa dalton 43 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), nawe unabaki kujiuliza peptidi yako imepotelea wapi. Halafu kuna uchafu wa keratini, protini ya ngozi yako, nywele zako, hata sweta ya sufu uliyovaa. Kuna aina ya mtu asiyeruhusu yeyote ainame juu ya mirija yake iliyo wazi. Watamwita mkali. Wewe kaa naye.

Kama mradi unahusu damu, muulize mwenye nao swali hili: albumini mnaifanyaje? Albumini peke yake ni kama nusu ya protini zote za plazma, yaani majimaji ya damu, na tofauti ya wingi kati yake na protini adimu kabisa inazidi mara bilioni 10. Mashine itakuimbia albumini mchana kutwa huku kile unachokitafuta kikiwa kimejificha chini. Anayekujibu kwa undani, awe anaiondoa kwanza au anaigawa sampuli katika sehemu nyingi, amefikiri. Anayekwambia mashine yao mpya itamaliza tatizo hilo, mshukuru kwa muda wake.

Kisha nenda kwa anayeitunza spektromita. Mara nyingi jina lake liko chini kabisa ya orodha, na bila yeye hakuna hata mmoja wa walio juu atakayechapisha kitu. Nobeli ya kemia ya mwaka 2002 ilikwenda kwa sehemu kwa John Fenn na Koichi Tanaka, kwa sababu walipata njia za kuzirusha molekuli kubwa kama protini zikiwa na chaji bila kuzivunja, ili ziweze kupimwa uzito. Kutoka hapo hadi matokeo ya kuaminika kila siku kuna kazi ambayo haina tuzo: kubadilisha kolamu (mrija unaotenganisha peptidi kabla hazijaingia kwenye mashine), kufuatilia shinikizo la pampu, kusafisha sehemu ioni zinapoingilia. Mwombe akuonyeshe kumbukumbu za sampuli ya kulinganishia, ile inayojulikana vizuri, mara nyingi peptidi za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabarani, inayopitishwa mara kwa mara ili kujua kama mashine iko sawa. Kwangu mimi kukosekana kwa kumbukumbu hizo kunasema mengi kuliko makala zote ambazo kikundi kimechapisha.

Wachambuzi wa data, wengi huwafikia mwisho, na hilo ndilo kosa la vikundi vingi. Wanatakiwa wawepo kabla sampuli ya kwanza haijakusanywa. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kutambua saratani ya ovari kutokana na mpangilio wa protini kwenye damu, kwa usahihi wa kushangaza. Keith Baggerly na wenzake walipozichambua upya data za kazi hiyo, walionyesha kwamba tofauti zilizoonekana zingeweza kutokana na namna sampuli zilivyoshughulikiwa, si ugonjwa. Ukipima wagonjwa wote Jumatatu na wenye afya wote Alhamisi, utapata tofauti kubwa sana kati ya Jumatatu na Alhamisi. Maabara moja niliyofanyia kazi ilikuwa na mchambuzi aliyedai karatasi ya mpangilio kabla mtu hajagusa friza, sampuli zimechanganywa kwa bahati nasibu. Tulimnung'unikia sana, ila data zetu zilisimama.

Muulize mchambuzi pia ile asilimia 1 ya utambuzi wa uongo, yaani kiwango cha majibu ya makosa kinachokubaliwa kwenye orodha ya matokeo, inahesabiwa katika ngazi ipi. Kuiweka kwenye peptidi si sawa na kuiweka kwenye protini. Muulize na nafasi tupu kwenye jedwali zinajazwaje, maana peptidi isiyoonekana huenda ipo ila haikupimwa.

Ukishazunguka hivyo, majina ya miradi yataanza kukuambia kitu. Kutafuta viashiria vya ugonjwa kunavutia, ila kunategemea hospitali, vibali vya maadili na sampuli zilizohifadhiwa kwa namna moja; simshauri mwanafunzi wa uzamili auchukue kama mradi wake pekee. Fosforilesheni, yaani kuunganishwa kwa fosfati kwenye protini, huongeza kama dalton 80 tu kwenye peptidi na ni adimu, hivyo utahitaji protini nyingi mwanzoni pamoja na hatua ya kuzichuja peptidi zenye fosfati kwa titani dioksidi au chuma. Mradi wa programu ndio huru kuliko yote, kwani data za wengine zimejaa kwenye PRIDE, hazina ya wazi ya data za protiomiki, na hutasubiri foleni ya mtu. Mimi binafsi humpendekezea anayeanza swali dogo kwenye seli zinazokuzwa hapo hapo maabarani, ambapo anaweza kurudia jaribio bila kumwomba mtu.

Jambo jingine ambalo wageni hawaliulizi ni nani anaondoka mwaka huu. Mikataba ya watafiti wa baada ya uzamivu ni mifupi. Kama anayeondoka ndiye pekee anayejua hatua ambayo mradi wako unaitegemea, usiridhike na faili atakalokuachia. Fanya hatua hiyo kwa mikono yako akiwa amesimama pembeni, na uandike kila anapokukatiza.