Jibu: Chuo kikubwa au kidogo, wapi utapata marafiki?

Ndugu, umeuliza kama chuo kikubwa kinampa mwanafunzi wa shahada ya kwanza marafiki wengi kuliko kidogo. Mimi naona kwanza uangalie wanafunzi wanalala wapi. Wengi wakiishi bwenini, urafiki huzaliwa kwenye foleni ya chakula na soga za usiku. Chuo cha katikati ya jiji, ambako wengi hutokea makwao, kipindi kikiisha kila mtu anawahi usafiri. Huko usipojiunga na klabu au timu mapema, upweke utakuumiza kweli. Oxford na Cambridge, vyuo vikuu vya Uingereza, zimegawanyika katika koleji nyingi, yaani jumuiya ndogo ambamo wanafunzi huishi na kusoma, kwa hiyo hata kwenye chuo kikubwa unapata watu wako wachache. Chuo kidogo mnajuana wote, ila ukikosana na mtu mtakutana kila siku.